Mtu Hapigi Hodi Kwao

Siku chombo kiliposhuka, malalamiko ya kwanza yalikuwa ya nguo. Mama Pacha alikuwa ameanika mashuka kwenye kamba ya ua, jua la saa sita linawaka vizuri, mara kivuli kikaja kikalala juu ya kamba na kisiondoke. Akatoka na beseni kiunoni, akatazama juu. Kitu kikubwa chenye rangi ya sufuria kuukuu kilikuwa kimening'inia juu ya uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba, kimya, kama kimesahauliwa hapo.

"Wamekosa mahali pengine pote?" akasema, akaanza kuanua.

Jirani yake, Msusi, alikuwa kibarazani na kichwa cha mteja katikati ya magoti. Naye alitazama juu mara moja, akarudi kwenye nywele. Mstari ukishaanza kugawanywa hauachwi, utapinda. Fundi Redio, mzee wa chumba cha mwisho, alifungulia redio zote zilizokuwa mezani kwake zikisubiri wenyewe, na zile zilizopona zikasema kwamba nchi imevamiwa na viumbe kutoka nyota za mbali, na wananchi wanaombwa watulie. Watu wakatulia. Kusema kweli hawakuhitaji kuombwa. Mtaa ule ulikuwa umeshanyang'anywa watu wake kabla ya wavamizi kufika, na aliyeibiwa kila kitu halali na rungu.

Aliyewachukua hao watu hakutoka nyota yoyote. Alikuwa Wakala, mwenye ofisi yake karibu na kituo cha mafuta, mwanamume mpole anayepiga pasi hadi soksi. Aliwapeleka vijana kazini mahali ambapo kila mtu alipaita Huko. Miaka miwili, alisema, kisha kijana anarudi kwao. Pacha wawili wa Mama Pacha wakapanda basi. Mtoto wa kiume wa Fundi Redio akapanda. Chiriku, binti wa pekee wa Msusi, akapanda, amesukwa upya, kichwa dirishani, anaongea mpaka basi linakata kona. Miaka miwili ikaisha, ikaja mingine, simu zikakatika moja baada ya nyingine kama taa za mtaa. Tangu hapo, kila Jumatatu wazazi walikwenda kukaa kwenye benchi refu nje ya ofisi, wakaingia kwa zamu, wakauliza swali moja.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Wako salama," alijibu Wakala. "Kazi nyingi tu. Mtandao unasumbua. Njoo Jumatatu."

Basi walilia pale benchini, wakalia kwa sauti, mpaka wateja wa kituo cha mafuta wakawa wanajaza mafuta upande wa pili. Wakala hakupenda kelele. Mara mbili alitishia kuliondoa benchi, na mara zote mbili wazazi walikaa chini, ikawa ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo akaliacha.

Wavamizi walianza kutembea mtaani kesho yake baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mgeni mwenye adabu hutembelea watu. Walikuwa warefu kufikia fremu ya mlango, wembamba, rangi ya majivu, na mahali pa uso palikuwa laini kama kisahani. Walinuka mvua inayokaribia. Walisimama kila mlango wakasema, wote kwa sauti ileile moja, kama ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye dumu:

"Hodi."

Na hapo ndipo mji ulipotekwa, tusitafute mchawi. Mtu yuko jikoni anamenya vitunguu, anasikia hodi, mdomo unajibu "karibu" kabla kichwa hakijauliza nani. Ndivyo tulivyolelewa. Kuna majeshi yenye mizinga ya kila aina, lakini hakuna jeshi lililowahi kumfundisha mtu kunyamaza akibishiwa hodi. Neno lile lilikuwa ndilo ufunguo wao. Bila "karibu" hawakuweza kuvuka kizingiti. Wakilipata, waliinama kidogo, wakaingia, wakaketi sakafuni karibu na mlango, wakauliza swali lao.

"Nani hayupo?"

Mama Pacha alisimulia alasiri nzima. Alisimulia jinsi pacha walivyokuwa wakilala miguu ya mmoja kichwani kwa mwenzake, na jinsi alivyokuwa akisikia vikohozi vyao hata wasipokuwepo. Alipokuwa anasimulia, mgeni alizidi kujaa na kupata rangi, mpaka akawa kama chungwa lililoiva. Alipoondoka, Mama Pacha alisimama akajinyoosha. Jioni hiyo alitoa sahani moja kabatini. Siku zote alikuwa akitoa tatu, anapakua moja, na mbili anaziosha hivyohivyo zikiwa safi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia Msusi asubuhi. "Wahenga hawakukosea, shoga yangu. Kifua hiki kilikuwa na gunia la mawe. Leo nimelala mpaka nimepitiliza."

"Na pacha?"

"Pacha wako Huko," alisema Mama Pacha, kama mtu anayesema ufagio uko nyuma ya mlango.

Hakuwa amewasahau, lazima hili lieleweke. Aliyajua majina yao, siku yao ya kuzaliwa, nani ana mwanya na nani hana. Alichoondokewa nacho ni ile hamu tu. Mtaa mzima ukaondokewa nayo, nyumba kwa nyumba, na watu wakanenepa kidogo.

Msusi alipona kwa sababu ya chanuo. Mgeni wake alipokuja, yeye alikuwa na fundo la nywele bandia mkono mmoja, kichwa cha mteja mkono mwingine, na chanuo ameliuma kwa meno, kama wasusi wote wanavyofanya. Hodi ikapigwa mara tatu, akajibu "mm, mm," na "mm" haikuwa neno wanalolijua. Alipotoa chanuo mdomoni mgeni alikuwa ameshafika nyumba ya tatu. Siku chache baadaye alishaona yaliyowapata wenzake, akafanya uamuzi wake. Hakuna hodi atakayoiitikia.

Haikumwia vigumu, kwa sababu aliyekuwa akimngoja hakuwahi kupiga hodi maishani mwake. Chiriku alikuwa anaanza hadithi tangu getini, anasukuma mlango kwa nyonga maana mikono ina vitu daima, na akifika katikati ya chumba, hadithi nayo imefika katikati.

"Hata hodi huna?" Msusi alikuwa akimgombeza.

"Mama naye! Mtu hapigi hodi kwao."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Anayepiga hodi si yeye. Msusi alizinyamazia hodi zote, akasikiliza geti.

Alimtamani mwanawe, na hamu ilikuwa imemkaa mikononi. Akichana kichwa cha mteja, vidole vilikwenda vyenyewe nyuma ya sikio la kushoto kutafuta kovu dogo la kuanguka kwenye ngazi. Halipo. Vinaendelea. Wateja wenyewe hawakuwa na la kusema siku hizi. Zamani kusukwa kulikuwa ni kulia na kucheka, fulani hajapiga simu, fulani nimemwota. Sasa walikaa wametulia, wanatazama kuku wa jirani, na mtu unaweza kumaliza kichwa kizima bila kusikia jina la mtu.

Fundi Redio ndiye aliyezidisha. Mzee wa watu alimkaribisha mgeni, akampa hamu ya mwanawe, akaona raha, akamkaribisha kesho yake tena. Akampa mkewe aliyekufa. Akampa mama yake, na mbwa wa utotoni. Alipoishiwa watu, mgeni hakuondoka, na mzee akaendelea kutoa, maana mgeni hafukuzwi. Kumbe njaa nayo ni hamu, na kiu ni hamu. Wakamkuta asubuhi moja amekaa kati ya redio zake, anatabasamu, midomo imekauka, bakuli la uji mbele yake limeota utando. Hakuwa mgonjwa. Hakutaka tu. Majirani wakapanga zamu za kumlisha kwa kijiko na kumkumbusha kumeza, na aliyekuwa zamu akimwambia "meza, mzee," alimeza.

Wakala naye alikaribisha, tena alikuwa wa kwanza. Mgeni akaketi, akauliza nani hayupo. Wakala akafikiri kwa muda mrefu, akasema hakuna. Mgeni akatoka kama alivyoingia. Mkono mtupu haulambwi.

Jumatatu benchi lilikuwa tupu. Msusi alimpitia Mama Pacha kama kawaida yao.

"Hatwendi?"

"Wapi?"

"Benchini."

"Kuuliza nini?" Mama Pacha aliuliza, na alikuwa anataka kujua kweli.

Akaenda peke yake, akauliza, akajibiwa yaleyale. Wakala alimpa kiti cha ndani. Alikuwa na furaha. Alisema sasa hata feni inasikika.

Ikafika wakati mtaa ukawa hauna kitu cha kuliwa. Wavamizi walirudi kuwa majivu, wakakonda, wakawa wanatembea kwa kujishika ukuta. Harufu ya mwisho iliyobaki ilitoka kwa Msusi, kwa hiyo wakahamia kibarazani kwake. Walisimama pale mchana kutwa, wakipeana zamu kusema hodi, bila ugomvi. Wateja waliwapitia katikati. Mmoja alikuwa anashika mwavuli wa wateja mvua ikinyesha.

Majirani wakaona aibu.

"Uchoyo huo," Mama Pacha alisema, mikono kiunoni. "Wenzio tulitoa, tukatoa mpaka tukamaliza. Wewe umekalia. Mgeni mpaka anashika ukuta!"

"Si wageni wangu."

"Neno moja tu, shoga yangu. Karibu. Litakutoa nini?"

"Litanitoa Chiriku."

"Chiriku yuko Huko," alisema Mama Pacha kwa upole. "Hutoi chochote. Unatoa maumivu tu, na unapona."

"Ndicho nilichobaki nacho cha kwake," alisema Msusi. "Niache nacho."

Mama Pacha alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekataa dawa, akaenda zake. Ilikuwa zamu yake ya kumlisha mzee.

Ndipo Wakala akatangaza likizo. Basi litakuja kuchukua vijana wapya, na litawaleta wa zamani wasalimie makwao, alasiri moja. Alimweleza Msusi ofisini, amekunja nne.

"Zamani tuliogopa kuwapa likizo, mama. Mtu akifika kwao harudi kazini. Ila sasa wageni wamefika hadi Huko, wamezunguka mabwenini yote. Shida imekwisha. Wanapanda basi wenyewe, hata honi tunapiga kwa heshima tu."

Msusi alirudi nyumbani akafua foronya. Alitandika kitanda cha Chiriku, akakitandua, akakitandika tena. Alijiambia mwanawe ni mbishi. Huenda siku ile naye alikuwa na kitu mdomoni. Lakini mdomo wa Chiriku ulikuwa haufungwi, ndiyo maana wakamwita hivyo, na mtu wa namna hiyo huitikia hodi kabla haijaisha. Msusi alilijua hilo pia, akakung'uta mto.

Siku yenyewe hakupokea mteja. Alikaa ndani, sikio getini, akisubiri hadithi. Basi likapita barabarani. Geti likalia. Hakuna hadithi. Zikaja hatua za mtu asiye na haraka, zikapanda kibaraza, zikasimama.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Wale wengine hawakuwa na sauti ila ile ya dumu, na mama hapotezi sauti ya mwanawe. Wavamizi wa kibarazani waligeuza visahani vyao kuelekea mlango.

"Hodi."

Msusi alisimama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limejaa mdomo mzima. Akilitoa, litakuwa la wote walio pale nje, kwa maana karibu ikishasemwa haina jina la mtu. Aliokota chanuo mezani, akaliuma kwa meno, akafungua mlango.

"Hodi," alisema Chiriku kwa mara ya tatu, ana kwa ana.

Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele zilikuwa timutimu, hazijaguswa na mtu mwenye nia. Msusi alimshika kifundo cha mkono akavuta. Msichana hakusogea. Alikuwa na adabu, anangoja.

"Hujanikaribisha, mama."

"Kwenu," alisema Msusi katikati ya meno, akamvuta kwa nguvu zote, akafunga mlango kwa kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba."

Chiriku aliketi kwenye ncha ya kiti, begi mapajani. Alikitazama chumba, akasema rangi ya ukuta imepauka, na ni kweli ilikuwa imepauka. Msusi aliuliza habari za Huko. Kazi nyingi tu. Aliuliza kama amekula. Ameshiba. Aliuliza mbona simu ilikatika, akajibiwa mtandao unasumbua. Majibu yalikuwa mafupi na yote yalikuwa sahihi. Mtoto huyu zamani ukimuuliza saa alikusimulia na aliyeinunua.

"Nikusuke?"

"Kama una nafasi."

Akakaa mkekani katikati ya magoti ya mama yake. Msusi alichana taratibu. Vidole vikaenda nyuma ya sikio la kushoto, na kovu lilikuwepo. Alisimama nalo kidogo. Kisha akaanza kugawa mistari, myembamba kuliko alivyowahi kumsuka mtu yeyote, ili kazi iwe ndefu. Alikuwa na furaha mikononi, tusimnyime hilo, mikono ilikuwa imefika kwao.

Ila kichwa kilikaa wima. Tangu utotoni Chiriku akisukwa aliegemea paja la kushoto la mama yake, hadithi inafifia, anasinzia mdomo wazi mpaka gauni la Msusi linalowa mate. Msusi alikuwa akimsukuma, "inua kichwa, unanipindishia mistari." Sasa hakikuegemea. Kilikaa kama kichwa cha mteja, na mistari ilinyooka yote.

"Ulikuwa unanikumbuka?" aliuliza Msusi.

"Mwanzoni sana," alisema Chiriku, kama anayesimulia homa ya mwaka juzi. "Nilikuwa nalia mpaka msimamizi akahamisha kitanda changu. Halafu mgeni akaja bwenini, akapiga hodi, nikapona." Akageuka kidogo. "Pole, mama. Naona wewe bado."

"Bado," alisema Msusi. "Geuka mbele."

Honi ikapigwa, kwa heshima tu. Zilikuwa zimebaki nywele za kisogoni, Msusi akazimaliza haraka, akachovya ncha kwenye maji ya moto. Chiriku alijitazama kiooni. "Umenisuka vizuri," alisema. "Asante." Alikunja mkeka mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauegemeza ukutani.

Walikwenda pamoja hadi barabarani, wavamizi wakiwafuata nyuma kwa hatua za wagonjwa. Basi lilikuwa limejaa. Vijana wapya wa mtaa walikuwa wameshakaa, wazazi wao wamesimama kando wakiwaaga kama mtu anayeagana na mtu anayekwenda dukani. Pacha walikuwa wamempitia mama yao sokoni, wakasalimiana, kila mtu akaendelea na yake. Hakuna aliyelia. Lilikuwa basi la kwanza kuondoka mtaani pale pakiwa kimya, na dereva alimsifu Wakala kwa utaratibu.

Chiriku alipanda, akapata dirisha. Mkono wa Msusi ulikuwa bado umeshika mkanda wa begi, na alikuwa akimkumbuka Chiriku hivyohivyo, akimwona, akimshika, alimkumbuka kuliko siku zote alizokuwa hayupo. Akalia. Alilia kwa sauti, kama enzi za benchi, na wavamizi wa mtaa mzima wakageuka, wakatetemeka kama paka waliosikia samaki. Wazazi wengine walitazama pembeni. Mtu mmoja alikohoa. Chiriku aliutoa mkanda vidoleni kwa mama yake, kidole kimoja kimoja, bila kumwumiza.

"Kwaherini," alisema, ingawa aliyekuwa akimuaga ni mmoja.

Jumatatu Msusi alivaa gauni lake la kutokea, akauma chanuo, akapita katikati ya hodi za kibarazani. Wavamizi walimfuata hadi karibu na kituo cha mafuta, wakajipanga nyuma yake. Alilitoa chanuo alipofika mbele ya meza.

"Mwanangu yuko wapi?"

Wakala alishangaa kidogo. "Lakini si alikuja, mama? Nilimwona kwa macho yangu anarudi kwenye basi. Tena amesukwa vizuri sana."

"Aliyekuja nimemsuka mimi," alisema Msusi. "Nauliza mwanangu."

Wakala alimtazama, akawatazama wale warefu waliosimama mlangoni, wamekonda, wanangoja mtu aseme neno. Feni ilikuwa inasikika. Akakunja mikono ya shati, mkunjo mmoja, sawasawa.

"Wako salama," alisema. "Kazi nyingi tu. Mtandao unasumbua. Njoo Jumatatu."

Msusi akatoka, akaketi kwenye benchi. Halafu akasogea hadi pembeni kabisa, pale alipokuwa akikaa siku zote, ili wenzake wapate nafasi.